Familia ya viwango vinne tofauti, tukaski wapi: Copper, Breckenridge au Keystone?

Baba_Nuru:

Wakuu habari za jioni, wenye uzoefu wa milima ya huku Colorado naombeni msaada kabla sijapoteza hela bure.

Tunakaa Aurora mwaka wa tano sasa na muda wote huo milima naiona kwa mbali tu nikienda kazini asubuhi, imemeremeta huko, mimi na yeye hatujuani. Mwaka jana binti yangu wa miaka tisa akaingia kwenye programu ya shule, wanachukuliwa na basi Jumamosi wanapelekwa kuski, yaani kuteleza kwenye theluji, sasa hivi njia za bluu, zile za kiwango cha kati, anateremka kama anaenda dukani na nyumbani hatupumui, kila siku baba twende baba twende. Mimi nilichukua somo moja la siku nzima halafu nikarudi mara mbili na rafiki, kijani, yaani njia rahisi, nashuka bila kuanguka, bluu nimeshuka moja na nadhani nilikuwa vizuri tu. Mke wangu hajawahi kukanyaga hata siku moja na kusema ukweli anaogopa. Halafu kuna shemeji yangu, kaka yake mke wangu, anakuja kutoka Minnesota wikendi ya mwisho wa Januari, huyo kwa maelezo yake mwenyewe nyeusi, zile ngumu, anashuka, nyeusi ya almasi mbili, ngumu kupita zote, anashuka, na anataka twende Breckenridge kwa sababu ameona video ya ile lifti ya juu kabisa, vile viti vya kwenye waya vinavyopandisha watu mlimani.

Hapo ndo nimekwama. Watu wanne, mmoja hajui kitu, mmoja kijani, mmoja bluu, mmoja almasi nyeusi. Nikifungua ramani za hii milima naona mistari ya rangi imesokotana kama nyaya za umeme Kariakoo, sielewi mtu anaanzia wapi anaishia wapi. Je kuna mlima tunaweza kwenda wote, kila mtu akapata saizi yake na mchana tukala pamoja? Na mke wangu aanzie wapi?

Naomba kuwasilisha.


mpagazi_mstaafu:

Mkuu karibu kwenye ugonjwa huu, hautibiki.

Mimi kabla ya kuja huku nilibeba mizigo Kilimanjaro miaka sita njia ya Marangu, kwa hiyo nikifika kwenye mlima wowote swali langu la kwanza ni njia ya wanyonge iko wapi. Ukiuliza hivyo kwa hiyo milima yako mitatu jibu linakuja lenyewe: nendeni Copper.

Sababu ni hii. Ukitoka Denver kwenye barabara kuu ya I-70 ni kama maili 75, mlima uko mkono wako wa kushoto unauona mzima mzima kutoka barabarani. Simama uutazame. Upande wa kulia kwako, yaani magharibi, mteremko ni mpole, hapo ni pa wanaoanza. Katikati pamesimama kidogo, hapo ni bluu. Kushoto kwako, mashariki, pamesimama kweli kweli, hapo ni pa kina shemeji. Mlima wenyewe ndo umekaa hivyo toka enzi, wao mwaka 1972 walipoufungua walifuata tu ulivyolala. Na chini wameweka vijiji vitatu kufuata hivyo hivyo: West Village, Center Village na East Village. Yaani hata bila kusoma ramani ukijua kushoto na kulia umeshajua kiwango.

Mke wako mpeleke West Village. Shule ya skii iko hapo, kuna ule mkanda unaosimama juu yake unakupandisha taratibu kama mzigo wa uwanja wa ndege, halafu akishajua kusimama anapanda lifti ya Kokomo na huko juu njia karibu zote ni kijani. Uzuri wa pale ni huu na watu wengi hawausemi: wenye kasi hawana sana cha kufuata kule. Kwenye milima mingi kijani ndo barabara ya kurudi nyumbani, kwa hiyo saa tisa alasiri mama wa watu anajifunza taratibu halafu vijana wanampita kushoto kulia kama bodaboda. Hofu ya mtu anayeanza mara nyingi haitoki kwenye mteremko, inatoka kwa wanaompita.

Wewe na binti anzieni Center Village. Lifti ya American Eagle imechanganya vibanda vya kufungwa na viti vya kawaida, na American Flyer ni viti vya watu sita vyenye kifuniko, kukiwa na upepo unakishusha mtoto hagandi. Zote mbili ziliwekwa 2018. Shemeji mwache East Village apande Super Bee, atafute Resolution Bowl, atafute Spaulding Bowl, na akitaka zaidi kuna Tucker Mountain kule nyuma, akirudi mzima mje mle.

Chakula Center Village. Kuna basi la bure linazunguka vijiji vyote kwa hiyo mke wako anavua skii anapanda basi, hana haja ya kuteremka popote asipopajua.

Breckenridge si mbaya, nisieleweke vibaya. Ni vilele vitano vimepangwa mstari, kutoka 6 mpaka 10. Peak 9 chini ni pazuri mno kwa wanaoanza, lifti ya Quicksilver na njia moja inaitwa Silverthorne pana kama uwanja wa ndege. Peak 7 bluu tupu, inapanda inashuka kama mawimbi, binti angependa. Peak 10 nyeusi nyeusi. Lifti anayoitaka shemeji ni Imperial, iko juu ya Peak 8, ipo toka 2005 na inakufikisha mita 3,914, hakuna lifti ya viti iliyo juu zaidi Amerika ya Kaskazini. Ila sasa mama yuko chini ya Peak 9, nyie mko Peak 7, shemeji yuko mawinguni, kuja kukutana mchana ni safari ya kuvuka mlima mzima kwa vinjia vyembamba. Kama kundi lote linajua, nenda Breck. Kama kuna mmoja hajui, mchagulieni yeye mlima.

Kuhusu urefu. Chini pale Copper ni kama mita 2,960, Mandara, kambi ya kwanza njia ya Marangu kwetu, ni 2,720. Juu ni 3,753, Horombo, kambi ya pili, ni 3,720. Wageni tuliwafikisha Horombo kwa siku mbili, pole pole, nyie mnafika kwa gari na lifti asubuhi moja. Nyie wa Aurora mna mita 1,600 na zaidi kwenye damu tayari, lakini huyo wa Minnesota anatoka chini kabisa. Alale kwenu angalau usiku mmoja, anywe maji mengi, bia aiache mpaka jioni ya kurudi. Kichwa kikimuuma na tumbo likichafuka ashuke, nyeusi hazitahama.


chura_kiziwi:

Nimekaa paleee nasubiri feedback ya shemeji 😂


Shiku_303:

Mpagazi amesema yote ya maana lakini wacha niongeze ya kwangu maana mimi nililia mlimani mbele ya watu.

Mwaka wangu wa kwanza huku marafiki wa kazi walinichukua wakaniambia achana na hizo lesoni ni za kula pesa, sisi tutakufundisha. Mlima sitautaja. Tukapanda lifti ya kwanza, tukapanda ya pili, mimi nadhani kufundishwa kunaanzia juu kumbe mtu anafundishwa chini. Tulipofika huko wakaniambia fanya hivi na magoti, halafu wakaenda. Kweli walikuwa wananingoja pale chini kwa kona, wakipiga kelele kunipa moyo, lakini mtu wa kunisaidia hayuko. Niliteremka na makalio karibu saa nzima, skii moja mkononi ingine sijui iko wapi, mpaka patroo, wale waokoaji wa mlimani, wakaja wakanifunga kwa ile sleji kama gunia la viazi. Na ile njia ilikuwa bluu, hata sio nyeusi. Nilikaa miaka mitatu sijarudi.

Kwa hivyo Baba Nuru, wewe usimfundishe mkeo. Hata kama unajua. Lipa lesoni, mwachie mwalimu, mtakuja kupendana jioni.

Na kama unaona Copper ni mbali kwa siku ya kwanza, kuna Loveland, hujaitaja. Iko kabla ya Eisenhower Tunnel, ile barabara inapita chini ya mlima wao wenyewe. Wana sehemu inaitwa Loveland Valley iko kivyake kabisa, mbali na mlima mkubwa, ni ya wanaoanza pekee. Hakuna mtu wa almasi atakujia kwa kasi pale kwa sababu hakuna cha almasi. Ndipo nilirudi kujifunza. Mkeo angeanzia hapo wikendi moja kabla ya huyo ndugu yake kufika, ashike shike, halafu Januari mwisho mnaenda Copper akiwa tayari anajua kusimama.

Ingine ni gari. Kutoka Septemba 1 mpaka Mei 31 hapo I-70 kati ya Morrison na Dotsero lazima tairi ziwe za theluji ama za M+S (matope na theluji) zenye bado ziko na nyama, karibu milimita tano, la sivyo uwe na cheni. Foleni ya Jumapili jioni ukirudi Denver sitaki hata kuiongelea. Toka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, si saa moja.


Baba_Nuru:

Aisee asanteni sana, dada Shiku pole kwa yaliyokukuta, mke wangu nimemsomea akasema umeona, umeona 😅

Wazo la Loveland Valley nalichukua. Copper nimekubali pia, shemeji ameguna lakini nimemtumia picha ya huko Spaulding Bowl akanyamaza. Maswali mawili yamebaki. Moja, mke wangu tatizo lake kubwa sio kuteremka ni lifti yenyewe, anasema kile kiti hakisimami, sasa mtu anakaaje na kutokaje. La pili, hizi rangi zinapimwaje? Maana ile bluu yangu moja nilishuka kwenye kamlima kengine kadogo, sasa hiyo ni bluu sawa na ya Copper?


Mtz_Innsbruck:

Habari wadau, nawasalimu kutoka Austria.

Swali la rangi ni zuri sana na watu wanaumia kwa kutoliuliza. Hakuna kipimo kimoja cha dunia. Huko Amerika duara la kijani, mraba wa bluu, almasi nyeusi, na kila mlima unajipangia kwa kujilinganisha na wenyewe. Yaani bluu maana yake ni ya kati kwa mlima huu hapa, basi. Kamlima kako kadogo bluu yake inaweza kuwa kijani ya mlima mkubwa, na kinyume chake inawezekana vile vile. Kwa hiyo jibu ni hapana, usibebe rangi kutoka mlima mmoja kwenda mwingine kama pasipoti.

Sisi huku ni hadithi nyingine. Austria kijani kwa kawaida hakuna, bluu ndo rahisi, inayofuata ni nyekundu, halafu nyeusi. Bluu mteremko wake hauzidi asilimia 25, nyekundu mpaka 40, ukizidi hapo nyeusi. Wafaransa wao wana kijani pia. Sasa nimeshampokea Mbongo mwenzangu anayeishi huku miaka mingi, alikwenda Marekani akaona bluu akafurahi, bluu si ndo ya watoto, akajikuta kwenye kitu ambacho huku tungekipaka nyekundu. Alirudi na goti la kufunga.

Halafu usichague mlima kwa kuwa uko karibu au una jina. Hapa Innsbruck unapanda kitreni kutoka katikati ya mji, ukaingia kwenye kebo, kile kibanda cha kuning'inia kwenye waya, dakika chache uko Nordkette juu ya mji, picha nzuri balaa. Watalii wanaona hivyo wanakodi skii wanapanda. Kule juu kuna Hafelekarrinne, sehemu mteremko unafika asilimia 70, watu wanasimama ukingoni wanachungulia wanarudi na kebo. Wakati ukipanda basi ukaenda Muttereralm kuna uwanja mpole wa familia kabisa ila hauna umaarufu.

Cha mwisho, rangi haijui hali ya hewa. Bluu ile ile saa tatu asubuhi imesawazishwa na yale matrekta ya usiku, ina mistari mistari kama kaniki iliyopigwa pasi, tamu. Saa nane mchana watu elfu wameshaikwangua, imebaki barafu katikati na vilima pembeni. Jua likiingia mawinguni ndo kabisa, nyeupe juu nyeupe chini, huoni bonde mpaka uko ndani yake. Hiyo ni njia moja lakini kiwango mbili.


kenya_moja:

Na watu wasisahau sisi tuko na historia kwa hii kitu, Philip Boit alituwakilisha Olimpiki ya baridi ya Nagano 1998 mpaka bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja kwa finishi amkumbatie.


Mtz_Innsbruck:

Ile ni skii ya kutembea kaka, kilomita 10 tambarare na vilima. Wa milimani ni Sabrina Simader, huyo alishuka kwa bendera ya Kenya 2018 kule PyeongChang, na amekulia huku huku Austria. Ila heshima kwa Boit iko pale pale, mtu wa mbio za Eldoret kufunga zile skii si mchezo.


dubai_mpaka_lini:

Mimi nimejifunzia ndani ya mall 😂 Ski Dubai, nje joto 43 ndani kama hasi mbili, nguo unapewa hapo hapo. Iko toka 2005, miteremko mitano na mrefu kabisa una mita 400, hata sura ya mwalimu hujaizoea umeshafika chini. Lakini jambo moja ilinifundisha: pale huna pa kukimbilia, kwa hiyo kitu cha kwanza ni kusimama. Mwalimu wangu alikuwa Mfilipino, wiki ya kwanza nzima ni pizza pizza pizza, ukikunja skii mbele zikutane kama kipande cha pizza unapunguza mwendo, ukizinyoosha sambamba ni chipsi unakwenda. Mama Nuru aanze na pizza, chipsi zitakuja.


mpagazi_mstaafu:

Baba Nuru, kuhusu lifti. Kiti hakisimami kweli, ila yule kijana anayesimama pale ana kitufe cha kupunguza mwendo na kazi yake ni hiyo. Mke wako anyooshe mkono tu aseme ni mara ya kwanza, atapunguza. Fimbo zote mkono mmoja, aangalie nyuma kwa bega la nje, kiti kikigusa magoti anakaa, hakuna kuruka. Kushuka ndo pana mtihani: ncha za skii juu, anasubiri kile kiti kifike pale palipotengenezwa kitelezi, anasimama kama anatoka kwenye kiti cha nyumbani na kwenda mbele moja kwa moja. Asimshike mtu wa pembeni. Hapo ndo familia nzima inaanguka kwa mpigo, nimeona baba, mama na bibi harusi.

Sasa nikuulize wewe, maana naona wote tunamjadili mama na shemeji. Ile bluu moja uliyoshuka, ulikuwa unaweza kusimama unapotaka au ulisimama pale mlima ulipoisha? Unageuka kulia na kushoto sawa sawa au una upande mmoja unaoupenda? Kushuka na kuski ni vitu viwili mkuu. Nikiwapima watu hapa nawaambia hivi: kijani yote, kutoka juu hadi chini, simama mara kumi, kila mara nikikwambia hapo, iwe hapo. Ukiweza, njoo bluu asubuhi. Usipoweza, bado kijani, na hakuna aibu.

Halafu mahali pa kukodi vifaa watakuuliza uzito, urefu, umri na kiwango, kuna namba moja mpaka tatu. Usijisifu hapo. Hiyo namba ndo wanatumia kukaza vifungio vinavyoshika buti kwenye skii. Ukijikweza vinakazwa zaidi, siku ukianguka skii haichomoki, goti ndo linachomoka. Buti nazo, soksi jozi moja tu ndefu nyembamba, najua sisi tunapenda kuvaa tatu kwa kuogopa baridi, hizo tatu zinabana damu haipiti na vidole ndo vinaganda. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti viachie. Kama havigusi kabisa buti ni kubwa, rudisha.

Na mlimani aliye mbele yako ndo mwenye haki. Wewe wa nyuma ndo unayeona, wewe ndo unayekwepa. Mwambie na shemeji.


Baba_Nuru:

Wakuu narudi na feedback kama nilivyoahidi, samahani nimechelewa, mwili ulikuwa unauma.

Loveland Valley tulikwenda wiki moja kabla. Mke wangu alipewa buti kubwa mahali tulipokodi, wakamwambia zitakaa tu, nikakumbuka maneno ya mpagazi tukazirudisha, ya pili ikakaa. Somo la asubuhi, mchana akapanda lifti, alianguka kwenye kushuka mara ya kwanza na ya pili, ya tatu akatoka kama malkia. Nilikuwa pembeni sijasema neno hata moja, dada Shiku unaweza kumuuliza.

Jumamosi ya Copper tulitoka saa kumi na moja na robo, tairi safi, tukafika mapema. Tukamshusha mama West Village akaingia somo la pili. Shemeji mimi nilimdhania mropokaji, jamani yule bwana anaski. Kumbe kule Minnesota alikuwa anafanya kazi kwenye mlima mmoja wikendi miaka mingi. Nilimwona kwa mbali kwenye vichuguu vya theluji vya mashariki chini ya Super Bee anapita magoti yanacheza tu kichwa hakitikisiki. Mchana kichwa kilimgonga kidogo, akanywa maji chupa mbili, akakaa saa moja, akarudi.

Aliyeaibika ni mimi. Asubuhi nilikataa kufanya ule mtihani wa kusimama mara kumi, nikasema nitaufanya mchana. Nikashuka na Nuru bluu moja kutoka American Eagle, theluji imepigwa pasi kama alivyosema mtu wa Innsbruck, nikajiona nimefika. Baada ya chakula akaniambia baba tena, nikasema twende. Jua limeingia mawinguni, katikati pamekwanguliwa panang'aa, nikageuka kulia sawa, kushoto ikakataa, ndo nikagundua siku zote nina upande mmoja. Nikaenda mpaka kwenye miti nikakaa chini ili nisimame. Nikavua skii. Nimetembea kwa miguu pembeni ya njia na yale mabuti, skii begani, karibu nusu saa, na mwanangu ananisubiri kila kona anapiga kelele Baba fanya pizza! Baba pizza! na watu kwenye lifti juu yetu wanasikia.

Tulipofika chini nikapanda basi la bure nikaenda West Village. Mke wangu alikuwa anapanda Kokomo peke yake. Nikamaliza siku hapo naye, kijani, nikasimama mara saba kati ya kumi.

Sasa ana swali lake kwenu, anauliza pasi za msimu ujao zinaanza kuuzwa lini.


Shiku_303:

😂😂😂 Mwambie mama karibu sana. Zinaanza kuuzwa msimu huu ukikaribia kuisha, Machi Aprili hivi, na bei inapanda vile baridi inakaribia. Copper iko kwa pasi inaitwa Ikon, Breckenridge na Keystone ziko kwa ingine inaitwa Epic, Loveland iko na yake. Na wewe uchukue lesoni, sijasema yeye, wewe.


mpagazi_mstaafu:

Saba kati ya kumi si mbaya. Kushoto unaegemea nyuma, ndo maana. Jumapili ijayo niko Loveland saa mbili, njoo tukanyooshe huo upande.